Kivuli Kilichobaki Kwenye Nyasi

Mtu alikuwa ametolewa kwenye picha, lakini kivuli chake kilikuwa kimesahauliwa.

Inspekta Hilda Shayo aliisogeza simu karibu na macho. Picha ilikuwa ya sherehe ya kipaimara kule Kirua Vunjo: binti wa miaka kumi na minne, gauni jeupe, ua kifuani, amesimama kwenye nyasi katikati ya migomba. Kulia kwake palikuwa patupu. Palijaa majani ya mgomba tu, jani lile lile limejirudia mara tatu kwa namna ambayo Mungu hajawahi kupanda migomba. Na juu ya nyasi, kuanzia pale penye utupu, kivuli kirefu cha mwanamume mwenye kofia kilikuwa kimelala, mkono mmoja umenyooka pembeni.

"Unaona walivyoniharibia?" alisema Wenseslaus Massawe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekatiwa ng'ombe mkia.

Massawe alikuwa mpiga picha mwenye studio hii waliyokuwemo, nyuma ya stendi ya Moshi, mwaka wa thelathini na moja sasa. Alikuwa ameandika malalamiko kwamba picha zake zimewekwa mtandaoni zikiwa zimekatwakatwa, muhuri wake umefutwa, na haki yake imekanyagwa. Barua hiyo ilikaa mezani wiki nzima, maana nani kituoni ana muda wa kulilia karatasi? Asubuhi hii Hilda aliisoma mpaka mwisho, akakuta jina la aliyefutwa. Eliufoo Mlay. Jina hilo hilo lilikuwa juu ya jalada jingine lililokuwa likisubiri kufungwa: mzee wa miaka sitini na saba, aliteleza kwenye mfongo, mfereji wa maji wa mlimani, akaangukia korongoni, akafa. Picha iliwekwa Jumanne. Mzee alikutwa korongoni Alhamisi.

"Si walizinunua, mzee Massawe?" Hilda aliuliza. "Mtu akinunua picha si yake?"

"Amenunua karatasi, afande! Ukinunua kitabu dukani, tayari umekuwa mwandishi?" Alivuta picha moja mezani, akaigeuza. Nyuma palikuwa na maandishi ya muhuri wa zambarau: *Kwa matumizi ya mnunuzi na familia yake. Kuiweka mtandaoni ni kwa ridhaa ya mpiga picha na ya kila anayeonekana.* "Huwa nazitandaza nje ya kanisa Jumapili inayofuata, kila mtu anaokota uso wake. Mkwe wa marehemu, Loveness, alinunua rundo zima. Akaniomba aziweke kwenye ukurasa wa ukoo, mumewe yuko Doha, hakuweza kuja kumwona mtoto akipata kipaimara. Nikamruhusu bure kabisa. Nikamwambia tu, soma sharti la nyuma. Sikumwambia afute watu!"

"Marehemu naye alinunua?"

"Moja. Alichagua muda mrefu, akaiweka ndani ya koti."

Hilda aliandika. Kwenye orodha ya vitu vilivyokutwa na marehemu kulikuwa na leso, kisu kidogo cha kukatia majani na funguo. Picha haikuwemo.

"Huu mkono alikuwa anaonyesha nini?"

"Nilipiga picha mia nne siku ile. Nitakumbuka kidole cha nani?"

"Za awali unazo?"

Massawe alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ana meno. "Mimi sifuti. Karatasi inauzwa, picha inabaki kwangu. Ila umeme umekatika tangu saa mbili, na sitoi picha ya mtu bila barua."

Hilda aliiandika barua hapo hapo, akaigonga muhuri aliotembea nao, akamwachia namba yake. Hakumkasirikia. Watu wasumbufu wa aina ile walikuwa wamemwokoa mara nyingi kuliko watu wema.

*

Koplo Tito, dereva wake, alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, shemasi parokiani kwake, na hakutaka kuiona simu ile hata kwa upande.

"Afande, mimi usinionyeshe. Ndugu zangu wako Kirua. Wanasema anayefutwa pale hamalizi mwezi."

"Wamefutwa wangapi?"

"Wawili. Mzee Eliufoo, na wiki moja baada ya kumzika, dada yake, Bibi Tabitha. Tangu siku ile kalala. Siku kumi na moja. Wa zahanati wamekuja, hawakuona ugonjwa. Hali chakula, anakunywa maji tu. Anasubiri." Tito alibadilisha gia, gari likaanza kupanda. "Na atakufa, afande. Nimeshaona mtu akifa kwa kuambiwa tu."

Hilda hakumbishia. Mama yake mzazi alikuwa na shangazi aliyekwenda hivyo hivyo, kwa hofu peke yake. Ukungu uliwapokea juu kidogo ya barabara ya lami. Ulikuwa umekaa chini siku hiyo, umeziba hata migomba iliyo kando ya njia, na nyumba zilijitokeza moja moja kwa ghafla zikiwa karibu mno. Hakuna aliyewapungia mkono. Kila walipopita, mtu aliyekuwa uani aliingia ndani.

Loveness walimkuta akishusha mzigo wa majani ya ng'ombe bandani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwalimu wa shule ya Jumapili, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Umekuja kunikamata," alisema. "Karibu."

"Nimekuja kuuliza. Ni wewe uliyewafuta?"

"Nilitimiza sharti." Alilikariri lile la nyuma ya picha bila kukosea neno. "*Ya kila anayeonekana.* Kama mtu hajaridhia, ningefanyaje? Godbless, mume wangu, alitaka zote, mpaka ya mwisho. Hata kumzika baba yake hakupata ruhusa ya kuja. Basi nikaona asiyeridhia atolewe, wengine wabaki. Nimelieleza mpaka sauti imenikauka. Nani anamsikiliza mtu aliyekwisha kuitwa mchawi?"

"Uliwauliza wenyewe?"

Loveness alishangaa swali. "Mimi? Afande, wewe si wa huku? Mke wa nyumba hii atamkabili vipi baba mkwe, amwulize mambo ya sura yake? Hata shangazi wa mume ni hivyo hivyo. Unatuma mtoto wa kiume wa ukoo."

"Ukamtuma nani?"

"Shedrack. Mtoto wa marehemu kaka yao, kihamba chake, shamba lake la urithi, kimepakana na hiki. Watu ishirini na sita aliwauliza. Ishirini na wanne wakasema sawa. Baba akakataa. Baadaye na shangazi akakataa."

"Na kufuta, ulifuta wewe?"

"Shedrack huyo huyo. Mimi simu yangu ni ya kupigia tu. Yeye anafanya biashara ya ndizi Holili, ana simu kubwa. Unapitisha kidole, mtu anakwenda." Alijifuta mikono kwenye kanga polepole. "Alipitisha kidole mpaka nyuma ya baba, kwenye majani. Nikamwambia mbona unaondoa na mimea? Akasema pasipobaki doa ndiyo inapendeza."

"Zile karatasi ulizonunua ziko wapi?"

"Alikwenda nazo Holili azipige kwa mashine ziingie kwenye simu. Akarudi akasema zimelowa mvua."

Hilda alifunga daftari. Ndani yake kitu kilikuwa kimeanza kukaa sawa, na hakukipenda. Mtu mmoja alikuwa amebeba maswali, akaleta majibu, akapitisha kidole, akapoteza ushahidi. Lakini kwa nini? Hakuna anayeua kwa ajili ya sura ya mzee.

*

Nyumba ya Bibi Tabitha ilikuwa ng'ambo ya zizi. Chumba kilikuwa na giza la mapazia mazito. Bibi alilala chali, blanketi limemfika kidevuni, mikono juu yake imepangwa tayari kama ya marehemu. Mtu alikuwa ameweka viatu vyake vya kanisani chini ya kitanda, vimepakwa rangi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa jeneza?"

"Mimi ni polisi, bibi. Naitwa Hilda, binti Shayo wa Marangu."

"Polisi anakamata kifo?" Hakucheka. "Nimejiona mwenyewe, mwanangu. Kigoda kipo, kivuli changu kipo, mimi sipo. Eliufoo naye alikuwa hivyo. Kivuli kikishabaki peke yake, mwenyewe anatafuta nini?"

Nje ukungu ulikuwa umegusa kioo cha dirisha, na kwa dakika nzima Hilda, aliyesoma sheria na kupokea Komunyo, alijizuia kutazama sakafuni kama kivuli chake kipo. Kisha akajikemea.

"Nani alikuonyesha hiyo picha, bibi?"

"Shedrack. Ana huruma huyo. Alikuja usiku akilia, akaniambia, shangazi, usitoke nje. Usikanyage nyasi hata mara moja mpaka nikuletee mtu wa kukuombea."

"Mwombaji anakuja lini?"

"Alisema Alhamisi hii."

"Na kabla ya Alhamisi kuna nini?"

"Jumatano? Baraza la ardhi la kata wanakuja kuangalia mpaka wetu na Shedrack. Mambo madogo ya kifamilia. Eliufoo ndiye angewaonyesha pale baba alipopanda masale, maana mipaka ya huku ni masale, si zege. Mwingine anayejua ni mimi peke yangu." Alivuta pumzi. "Loveness ni wa kuja, ataelewa nini? Sasa wataangalia wenyewe."

Hilda alikasirika, hasira safi, ya mtu aliyelelewa na bibi. Alisubiri ishuke kwanza.

"Bibi, nijibu moja. Ulikataa picha yako isiwekwe mtandaoni?"

Kwa mara ya kwanza kile kichwa kiligeuka kwenye mto. "Nikatae? Nani kaniuliza? Nilishona kitenge kipya kwa ajili ya siku ile! Nilimwambia mpiga picha anipige vizuri, Godbless anione kule aliko, ajue bado nina meno."

"Shedrack hakuja kukuuliza?"

"Hakuniuliza mtu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Shedrack ilikuwa imeishia kitandani pale. Lakini neno la bibi mgonjwa lisingesimama mahakamani peke yake. Hilda alitazama simu. Saa tisa na robo. Mtandao ulikuwa na kijiti kimoja, ukapotea, ukarudi. Kisha simu ikatetemeka mara mbili.

Massawe alikuwa ameandika: *Umeme umerudi. Hizi hapa, na muhuri wangu usiguswe.*

Picha ya kwanza ilifunguka kutoka juu kwenda chini, taratibu: migomba, kofia, uso. Mzee Eliufoo alikuwa hai na mkaidi kando ya mjukuu wake, na mkono wake umenyooka kuonyesha nyuma yake, kwenye mstari wa masale, majani marefu ya kijani yaliyopandwa kwa safu. Mbele ya safu ile, upande wake yeye, ulisimama mparachichi mkubwa. Hakuwa akipigwa picha ya kipaimara. Alikuwa akitengeneza ushahidi, na alikuwa ameununua.

Picha ya pili ilikuwa ya mwanamke mwenye kitenge kipya juu ya kigoda, mgongo ameuelekeza kwenye masale yale yale, mparachichi ule ule begani kwake, anacheka na meno yake yote.

Hilda alipiga magoti kando ya kitanda, akamwekea simu mbele ya macho.

"Huyu ni nani?"

Bibi alitazama muda mrefu. Kidole chake kilitoka kwenye blanketi kikagusa kioo, kikajiondoa haraka, kikarudi.

"Ni mimi."

"Hii ndiyo picha yenyewe. Ile nyingine ni hii hii, imefutwa kwa kidole cha mtu. Kivuli kilibaki kwa sababu aliyefuta hakuwa fundi."

"Kidole cha nani?"

"Twende ukanionyeshe masale, bibi, nami nitakuambia."

Alikaa kitako kwanza. Loveness, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuthubutu kuingia, alileta uji, na Bibi Tabitha akamtazama, akaupokea kwa mikono miwili, akanywa nusu kikombe. Alipofika kizingitini alisita. Mbele yake kulikuwa na nyasi zilizolowa. Aliunyanyua mguu, akaurudisha, na Koplo Tito, ambaye mwenyewe alikuwa amepauka, akampa mkono. Bibi akakanyaga.

*

Mwisho wa kihamba ulikuwa hatua themanini kutoka nyumbani, ng'ambo ya kaburi jipya la Eliufoo lililokuwa chini ya miti ya kahawa. Ukungu uliwafanya wote wanne watembee karibu karibu, Loveness akiwa nyuma. Mparachichi ulitokea kwanza, mweusi, mkubwa. Masale yalitokea baadaye, upande huu wa mti.

Hilda alilinganisha na simu. Katika picha mti ulikuwa ndani ya kihamba cha Eliufoo. Hapa ulikuwa ndani ya kihamba cha Shedrack, na pamoja nao kipande chote kinachoteremka hadi barabara mpya iliyopandisha bei ya ardhi.

"Mti umehama!" Tito alijifanyia ishara ya msalaba.

"Mti hauhami, wewe," alisema Bibi Tabitha. Sauti yake ilikuwa imepata uzito. "Ng'oa isale moja."

Tito aliinama, akavuta. Isale lililopandwa na babu wa mtu huhitaji jembe na watu wawili. Hili lilitoka na udongo mwekundu uliolegea, bila kushindana.

"Hili halijamaliza wiki mbili," Hilda alisema. "Alisubiri mzee azikwe, akasubiri wewe ulale."

Bibi alikuwa akitazama mbele, ng'ambo ya safu, na Hilda akafuata macho yake. Mtu alikuwa amesimama ndani ya ukungu. Haikujulikana alisimama pale tangu lini. Alipoona ameonekana, alitembea kuja kwao, polepole, mikono imetangulia mbele.

Shedrack alikuwa na miaka arobaini, koti zuri, viatu vya mjini. Mikononi alibeba jani la isale lililofungwa fundo.

Hilda alilijua fundo lile tangu utotoni. Aliyekukosea akikuletea isale, hulirudishi. Watu wamepoteza ndugu na ng'ombe na wakalipokea, kwa sababu kulikataa ni kujiitia laana wewe mwenyewe. Ukishalipokea, neno limekwisha. Alielewa mara moja hesabu ya Shedrack: aliona mwanamke aliyemlaza akitembea, aliona isale liking'olewa, akakimbilia kitu pekee ambacho shangazi yake asingeweza kukikataa. Bila malalamiko ya ukoo, polisi angebaki na nini? Angebaki na mzee aliyeteleza.

"Shangazi," alisema, na akapiga magoti kwenye udongo. "Nipokelee."

"La nini?" aliuliza Bibi Tabitha.

"La mpaka. Tamaa ilinishika. Nitayarudisha yote leo hii."

"La mpaka tu?"

Hilda aliifungua picha, akamwonyesha bila kusema. Shedrack aliona kofia, uso, mkono ulionyooka.

"Imetoka wapi hiyo? Zilikuwa zimekwisha. Massawe si aliziuza?"

"Aliuza karatasi," Hilda alisema. "Ulidhani ziko ngapi, Shedrack? Za Loveness ulizichukua. Na ile ya kwenye koti la mzee?"

Alimtazama shangazi yake badala ya kumtazama polisi. Hilda alikuwa na maswali kumi tayari na aliyameza yote, maana alijua mahali ambapo mila huhoji kuliko sheria.

"Isale bubu silipokei," alisema bibi. "Taja lote, au ondoka nalo."

"Aliniambia anayo ya kwake," Shedrack alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Tulikutana kwenye mfongo jioni ile. Mimi nilijua nimeshazimaliza zote, yeye akacheka, akapiga koti lake. Akasema siku ya baraza mtaniona hata nisipokuwepo. Nilitaka picha tu, shangazi. Niliivuta, akaivuta. Nikamsukuma." Aliinamisha kichwa. "Aliniita kutoka kule chini. Mara mbili. Nikaondoka."

Loveness alitoa sauti moja, akajiziba mdomo kwa kanga.

Ukungu ukapita katikati yao. Bibi Tabitha akanyoosha mkono, akalichukua lile jani. Shedrack aliinua uso, machozi yanamtiririka, na kulikuwa na afueni usoni mwake, afueni ya mtu aliyefika ng'ambo ya mto.

"La kunilaza siku kumi na moja nimelipokea," alisema bibi. "Limekwisha, sitalisema tena." Aliinama, akachuma jani jingine kwenye isale lililong'olewa, akalifunga fundo kwa vidole vyake vya uzee, akamwekea Shedrack kiganjani. "Hili ni la Eliufoo. Mpelekee mwenyewe, yuko pale. Kama alikuita mara mbili, mwitikie."

Shedrack alisimama. Aligeuka kulielekea kaburi lililo chini ya miti ya kahawa, akapiga hatua moja, ya pili, kisha akakwama pale pale. Hilda alimsubiri. Tito naye alimsubiri, pingu mkononi, bila kumharakisha. Zilikuwa zimebaki hatua kumi na mbili, na Shedrack Mlay hakuweza kuzitembea.